Breki mpya kwa baiskeli ya zamani: pima kwanza, nunua baadaye

Swali: Fundi, habari za kazi. Nina baiskeli ya gia kumi ya miaka ya 1970, fremu ya chuma, iliyokuja na magurudumu ya inchi 27. Rimu ziliharibika kwa kutu, nikaweka magurudumu ya 700C yenye rimu za aluminiamu. Breki za zamani zilikuwa zinachezacheza, nikanunua jozi mpya ya kalipa, yaani zile breki zenye mikono miwili inayobana rimu kwa raba. Mbele, raba zinagusa tairi badala ya rimu hata nikizishusha mpaka mwisho. Nyuma, bolti ni fupi, haitokezi upande wa pili nikapata pa kufunga nati. Muuzaji anasema kalipa zote ni saizi moja. Je, nitafute breki za aina gani?

Jibu: Ndugu yangu, huyo muuzaji amekupoteza, huenda bila kujua. Kalipa hufanana sana kwa sura, lakini mikono yake hutofautiana urefu, na milimita tano tu zinatosha kuifanya isifae. Ulizonunua ni za mkono mfupi, za fremu za mashindano ambazo tairi hupita karibu kabisa na kichwa cha uma, pale miguu miwili inayoshika gurudumu la mbele inapoungana. Yako ilijengwa enzi ambazo fremu ya barabarani iliachiwa nafasi ya tairi nene na madigadi juu yake. Kabla ya yote, usiiendeshe ilivyo sasa, hata kwa mwendo mfupi. Raba inayogusa ubavu wa tairi hulisaga mpaka nyuzi zitokeze, kisha tairi hupasuka, na wakati wake wa kupasuka ni pale pale unapokamata breki.

Tuanze na hesabu ya magurudumu, maana hapo ndipo tatizo lilipozidi. Tairi la inchi 27 hukaa kwenye rimu ya kipenyo cha milimita 630; la 700C hukaa kwenye milimita 622. Tofauti ni milimita 8 za kipenyo, kwa hiyo ukipima kutoka ekseli kwenda juu, rimu imeshuka milimita 4. Tundu la breki liko palepale. Rimu ndiyo iliyolikimbia. Namba hizi zimeandikwa ubavuni mwa tairi, kwa mfano 28-622: ya kwanza ni upana wa tairi, ya pili ni kipenyo cha rimu. Ziamini hizo kuliko inchi. Inchi za baiskeli zina vurugu tupu: kuna "inchi 28" iliyo 635 na nyingine iliyo 622, na "inchi 26" inaweza kuwa 590 au 559.

Kipimo kitakachokuongoza dukani ni umbali kutoka katikati ya tundu la bolti ya breki hadi katikati ya uso wa rimu unaokamatwa na raba. Nitauita mshuko. Kuupima, ondoa kalipa, chomeka bolti yoyote ya milimita 6 kwenye tundu ili uone vizuri katikati yake iko wapi, na hakikisha gurudumu limekaa hadi mwisho wa nafasi zake na nati za ekseli zimekazwa. Weka rula ya chuma sambamba na mguu wa uma, sifuri ikiwa katikati ya bolti. Soma namba mbili: mahali uso bapa wa rimu unapoanzia chini tu ya tairi, na mahali unapoishia kabla rimu haijapinda kuelekea spoki. Ukipata 54 na 63, mshuko wako ni katikati yake, yaani milimita 58 au 59. Kosa linalorudiwa sana ni kupimia kutoka chini ya kichwa cha uma badala ya katikati ya tundu. Ukifanya hivyo umepoteza milimita kadhaa, na ndizo hizo hizo zitakazokurudisha dukani.

Nyuma pima vivyo hivyo, kutoka tundu la daraja, ile bomba fupi inayounganisha mabomba mawili ya juu ya nyuma. Ila kuna jambo la kuangalia. Kwenye fremu nyingi za wakati huo, ekseli ya nyuma huingia kwenye mfereji mrefu, si kwenye kijino kifupi, na gurudumu linaweza kusogea mbele au nyuma. Likisogea, mshuko nao hubadilika. Kwa hiyo kwanza weka gurudumu pale litakapokaa siku zote, mnyororo ukiwa kwenye hali yake ya kawaida, kisha ndipo upime. Na usidhani nyuma ni sawa na mbele. Mara nyingi nyuma huwa na mshuko mrefu zaidi, na si ajabu tofauti ikafika milimita tano au sita.

Ukishakuwa na namba mbili mkononi, kutafuta kunakuwa rahisi. Kalipa za mkono mfupi hufikia milimita 39 hadi 49. Hizo ndizo ulizonazo. Za mkono wa kati hufikia 47 hadi 57. Za mkono mrefu hufikia 55 hadi 73, na mfano unaojulikana ni Tektro R559. Ndugu yake wa mkono wa kati ni R539. Zipo pia ndefu kuliko hizo, zinazokaribia milimita 78. Namba ya juu na ya chini ni miisho miwili ya ule mfereji wa mkononi ambamo raba huteleza kabla hujaikaza. Kwa baiskeli ya aina yako sitashangaa ukipata kitu kati ya 53 na 65, ila kipimo chako ndicho kitakachosema.

Kanuni ya kuchagua ni hii: chukua mkono mfupi kuliko yote inayofika, mradi raba isibanwe kwenye ncha kabisa ya mfereji. Mkono ni wenzo. Kadiri raba inavyokuwa mbali na mhimili wake, ndivyo nguvu ya vidole vyako inavyopungua ikifika kwenye rimu, na ndivyo mkono wenyewe unavyojipinda. Ndiyo maana kalipa ndefu za zamani zenye mhimili mmoja zina sifa mbaya ya kulegea kama mpira. Za sasa zenye mihimili miwili zimepunguza sana udhaifu huo, na kwa mshuko unaozidi 57 ningezitafuta hizo kabla ya kitu kingine. Ikiwa mbele ni 53 na nyuma ni 60, hakuna sheria inayokulazimisha kununua jozi inayofanana: mkono wa kati mbele, mkono mrefu nyuma. Breki ya mbele ndiyo inayofanya kazi kubwa, kwa sababu ukipunguza mwendo uzito wako mwingi huhamia gurudumu la mbele, hivyo ipe ile ngumu zaidi.

Lakini kabla hujatoa hela tena, zitoe kalipa za zamani ulikozitupa. Umesema zilikuwa zinachezacheza. Kwa kalipa ya mhimili mmoja, kuchezacheza mara nyingi ni nati mbili za mbele zilizolegea tu. Tenganisha mikono, futa uchafu, paka grisi kidogo pale mikono inapogusana, irudishe, kaza nati ya ndani mpaka mchezo uishe huku mikono ikifunguka yenyewe kwa springi, kisha ishikilie kwa spana moja na uikazie ile ya nje dhidi yake kwa spana ya pili. Bila kufuli hiyo ya nati mbili, italegea tena ndani ya wiki. Halafu angalia kama mfereji una milimita 4 zaidi za kushusha raba. Zikiwepo, na mikono haijapinda, kilichobaki ni raba mpya na waya mpya. Kama kalipa zako ni zile zinazovutwa katikati, zenye waya mfupi unaounganisha mikono miwili, mfano Weinmann au Dia-Compe zilizoandikwa 610 au 750, usizitupe kabisa: namba hiyo inakuambia takriban mwisho wa mkono, milimita 61 na milimita 75. Ni breki nzuri zikiwekewa raba nzuri. Sharti lake moja: waya mkuu ukikatika, ule waya mfupi unaweza kuangukia tairi na kulikamata ghafla, kwa hiyo mbele weka madigadi au kibano cha taa kitakachouzuia usifike chini.

Sasa tuje kwenye bolti fupi. Fremu za zamani zilitobolewa tundu la milimita 6 moja kwa moja, mbele hadi nyuma. Bolti ya kalipa ilipita yote, ikatokeza upande wa pili, ikafungwa nati ya kawaida inayotaka spana ya milimita 10. Fremu za baadaye zilibadili mtindo: upande wa kalipa tundu ni lilelile la milimita 6, ila upande wa pili limepanuliwa hadi milimita 8 ili nati ndefu kama kijibomba izame ndani na ikazwe kwa alenki. Kwa kuwa nati inaifuata bolti ndani, bolti ilifupishwa. Kalipa yako ya nyuma ni ya mtindo huo. Zipo kalipa za mkono mrefu zinazouzwa na bolti ndefu ya nati ya nje, na ukizipata, suala limekwisha. Uliza hivyo hivyo: "bolti ndefu, nati ya nje."

Usipozipata, kuna njia ambayo mafundi wa baiskeli za zamani huitumia sana. Kalipa ya mbele ya mtindo mpya ina bolti ndefu kuliko ya nyuma, kwa sababu kichwa cha uma ni kinene kuliko daraja. Basi ichukue kalipa ya mbele uifunge nyuma. Bolti yake itavuka daraja jembamba na kutokeza vya kutosha kufungwa nati ya kawaida ya M6, yaani ya bolti ya milimita 6, ile yenye pete ya nailoni ndani. Angalia jambo moja dogo linalowaponyoka wengi: nyuzi za bolti hazianzii shinani. Nati inaweza kugota pale nyuzi zinapoishia kabla haijabana kitu, ukadhani imekaza kumbe kalipa bado inatikisika. Dawa ni kuongeza washa chini ya nati. Na kwa kuwa daraja ni bomba la duara, pande zote mbili zinataka washa zilizochimbwa upande mmoja kulingana na mviringo huo. Washa bapa hugusa mstari mmoja tu na kalipa itazunguka kila ukishika breki.

Kwa mbele, utafunga ile kalipa ya nyuma yenye bolti fupi ukitumia nati ya kuzama iliyo ndefu. Nati hizi huuzwa kwa urefu mbalimbali, kuanzia kama milimita 10 hadi 30 na zaidi. Hapo lazima upanue tundu la nyuma ya kichwa cha uma liwe milimita 8. La nyuma tu. Upande wa mbele ubaki milimita 6, maana huo ndio ukuta unaoishikilia kalipa. Toa uma au angalau gurudumu, tumia biti ya milimita 7 kwanza kisha 8, drili iende polepole, matone ya mafuta, na usimame mara ukuta wa nyuma unapotoboka. Chuma kikitoa ncha kali, isugue kwa tupa ndogo, kisha paka rangi au grisi pale palipobaki wazi ili kutu isianzie hapo. Bolti iingie ndani ya nati angalau mizunguko sita kamili. Ukipata minne, nati ni fupi, tafuta ndefu zaidi. Kazi hii ni ya uma wa chuma peke yake. Uma wa aluminiamu au wa kaboni usiuguse kwa drili, na kama unaona mpasuko wowote kuzunguka tundu, hata mwembamba kama unywele, uma huo umestaafu.

Utakutana na watu watakaokushauri uweke kipande cha bapa chenye matundu mawili ili kuishusha kalipa fupi ifike kwenye rimu. Nyuma, kikiwa cha chuma kinene na kimetengenezwa kwa kazi hiyo, kinavumilika. Mbele, hapana. Sehemu ya juu ya gurudumu huenda mbele. Raba zikiikamata, rimu huvuta kalipa kwenda nayo. Nyuma kalipa imefungwa nyuma ya daraja, hivyo inasukumwa dhidi ya daraja lenyewe. Mbele imefungwa mbele ya uma, hivyo inavutwa iondoke kwenye uma, na kinachoizuia ni ile bolti ya milimita 6 peke yake. Kuiongezea kipande cha kuipinda ni kutafuta balaa.

Kuhusu leva, za zamani ulizonazo zitafaa. Kalipa za kawaida zinataka leva inayovuta waya kidogo, na za miaka ya 1970 ziko hivyo. Tahadhari ni pale utakapopewa leva za breki za V, zile za baiskeli za milimani. Hizo huvuta waya mwingi zaidi. Ukizifunga na kalipa, utahisi breki ngumu, safi, ya kupendeza mkononi, halafu baiskeli haisimami: mvuto mrefu umekula nguvu. Kinyume chake, breki za V kwa leva ya zamani, leva itafika kwenye usukani kabla raba hazijabana. Kuzitofautisha, fungua leva upime kutoka mhimili wake hadi kikombe kinachoshika kichwa cha waya. Ikiwa ni kama milimita 30 au zaidi, ni ya V. Pia kipenyo: usukani ulionyooka una bomba la milimita 22.2 pale leva inapofungwa, usukani wa pembe za kondoo kwa kawaida ni 23.8, na kibano cha ule wa kwanza hakipiti kwenye wa pili hata ukikilazimisha.

Waya badilisha, usibishane nao. Waya wa breki una unene wa karibu milimita 1.5 au 1.6, na kichwa chake ni ama kipipa cha kulala, cha leva za usukani ulionyooka, ama tone kama pea, cha leva za pembe za kondoo. Ganda la nje liwe la breki kweli, la koili, nene kama milimita 5. Ganda la gia lina nyaya zilizolala kwa urefu, na ukilibana kwa nguvu ya breki linaweza kupasuka kama mwanzi, ukabaki na leva iliyolegea mkononi. Ukilikata ganda la breki, koili hubaki na ncha iliyopinda kuelekea ndani. Ilainishe kwa tupa mpaka mdomo uwe bapa, kisha panua bomba la plastiki la ndani kwa msumari mwembamba. Dakika mbili za kazi hiyo hubadilisha breki kuliko wengi wanavyodhani.

Haya yote ni kwa fremu yenye tundu juu ya gurudumu na rimu yenye ubavu bapa. Kama msomaji mwingine ana baiskeli ile nzito ya breki za vyuma, ambazo fito huvuta raba juu zikagusa tumbo la ndani la rimu, kalipa haitamsaidia: rimu hiyo imeviringika ubavuni, raba haina pa kukamata. Ama abaki na mfumo huohuo na kubadilisha raba na viungio vilivyokwisha, ama abadilishe rimu, ama ahamie kwenye habu yenye breki ndani yake, akipima kwanza upana kati ya miguu ya uma, kwa sababu habu nyingi za mbele za sasa zinataka milimita 100 na uma nyingi za zamani ni nyembamba kuliko hapo. Na mwenye vijiti viwili vya breki vilivyochomelewa kwenye uma, apime kati ya kijiti na kijiti. Breki za V hukaa vizuri kwenye milimita 80 hivi. Vikiwa karibu 60 kama kwenye baiskeli za zamani, abaki na kantileva, zile breki za zamani za vijiti hivyo. Asisahau kwamba vijiti haviteremki: vilivyowekwa kwa gurudumu la 559 havitafaa la 622.

Turudi kwako, kwenye raba. Rimu zako sasa ni za aluminiamu, na hilo peke yake ni hatua kubwa kuliko kalipa yoyote. Rimu ya chuma yenye kromu, ikilowa, huteleza mizunguko kadhaa kabla raba haijaanza kushika. Kama utapewa raba zenye uso wa ngozi, ujue zilitengenezwa kwa ajili ya rimu za kromu, hazifai zako. Raba za kalipa huwa na msumari wa nyuzi, M6. Nyingi za kisasa ni kijaluba chenye kipande cha mpira kinachotelezeshwa ndani, na mwisho mmoja wa kijaluba uko wazi. Mwisho uliofungwa lazima utazame mbele, kwenye magurudumu yote mawili. Ukigeuza, rimu itausukuma mpira kuelekea upande ulio wazi, na siku moja utauona barabarani nyuma yako. Kulia na kushoto hazibadilishani, kwa hiyo angalia herufi au mshale uliochongwa.

Kufunga: bolti ya kalipa ikazwe kati ya niutoni-mita 8 na 10, raba 5 hadi 7, kibano cha waya 6 hadi 8. Huna spana ya kipimo? Tumia spana fupi, kaza kwa kifundo cha mkono, si kwa bega. Ukingo wa juu wa raba ukae milimita moja chini ya ukingo wa rimu. Ikipanda zaidi inakula tairi. Ikishuka zaidi hujichimba, ikaacha mdomo wa mpira unaonasa chini ya rimu. Ncha ya mbele ya raba itangulie kugusa kwa kama milimita moja. Njia rahisi ni kuweka kipande cha kadi kati ya raba na rimu, kwenye ncha ya nyuma ya raba, kushika leva, kukaza, kisha kukitoa. Bila hivyo breki hupiga kelele. Ukiachia leva, kila raba iwe milimita 1.5 hadi 2 kutoka kwenye rimu, na hapo ndipo rimu iliyopinda itakapojionyesha, kwa hiyo gurudumu linyooshwe kwanza.

Sasa bana leva kwa nguvu zote, mara kumi, ukiwa umesimama. Waya mpya utajikalisha na ganda litajibana kwenye vituo vyake, na leva itakuwa imelegea. Ondoa ulegevu huo kwa kulegeza kibano, kuvuta waya, na kukaza tena, kisha kirekebishi cha kuzungushwa ukiache karibu na mwanzo ili upate akiba ya baadaye. Leva iliyobanwa kabisa isifike kwenye usukani. Ibaki nafasi ya vidole viwili. Ukiwa umesimama kando ya baiskeli, bana ya mbele na usukume mbele: gurudumu la nyuma linyanyuke. Huku umebana, tikisa baiskeli mbele na nyuma na uguse kalipa kwa kidole mahali inapokutana na uma. Ukisikia mtetemo hapo, washa au nati ya kuzama haijakaa, usipande bado.

Kilomita ya kwanza iende polepole kwenye tambarare, ukishika na kuachia mara nyingi, ili raba zijikwangue zikaivane na rimu. Baada ya siku chache angalia nati zote tena, na chungulia uso wa raba: kama kuna vipande vinavyong'aa vya aluminiamu vilivyozama ndani ya mpira, vichokoe kwa ncha ya kisu. Vikibaki, vitakwangua rimu zako mpya. Kalipa fupi ulizonunua, kama hazijapata mikwaruzo ya kufungwa, zirudishe dukani pamoja na namba zako mbili za mshuko zikiwa zimeandikwa kwenye karatasi, na umwonyeshe muuzaji rula.